Neno la Kweli Lisilo Mali Yako

Mwezi huu nataka kuuliza swali moja: Je, mtu aweza kumkosea jirani yake kwa kusema neno la kweli? Wengi watajibu, La, maana kosa la ulimi ni uongo. Nami nilidhani hivyo, hata kosa langu mwenyewe likanifundisha.

Mkristo mmoja wa hapa Mukendo alinijia jioni, akanieleza ugonjwa wake, akataka nimwombee. Kwa nia njema nikaandika jina lake na ugonjwa wake katika kundi la WhatsApp la usharika, ili wengi waombe. Kesho yake habari ilikuwa imefika Bunda na Butiama, kwa watu wasiomjua wala wasiomwombea. Kisha mtu asiyemfahamu akampigia simu, akamtaja kwa jina, akautaja na ugonjwa, akamtaka atume fedha za dawa. Akatuma, na dawa haikuja. Jumapili mbili hakuonekana kanisani. Nilipokwenda kumwomba radhi, alisema, "Mchungaji, mimi nilikuambia wewe." Neno hilo lilinichoma. Naye ameniruhusu kuyasimulia haya pasipo jina lake.

Zamani habari ilikwenda kwa miguu. Ilichoka njiani, mwisho ikasahauliwa. Habari ya simu haichoki. Ukiifuta kwako, mwingine amekwisha kuiweka. Maji yakimwagika hayazoleki. Tena wako wezi wanaovua katika maji hayo. Wengi wetu tumepokea ujumbe wa kututaka tutume fedha "kwenye namba hii". Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa kwa namba 15040, na ni vema kufanya hivyo. Lakini mwizi ajuaye jina la mtoto, shule yake, na siku baba aliyosafiri, hana haja ya kubahatisha. Na hayo yote tumemwambia sisi wenyewe, kwa picha na salamu zetu.

Mfalme Hezekia alifanya vivyo hivyo. Wajumbe wa Babeli walipomjia baada ya ugonjwa wake, aliwaonyesha fedha, dhahabu na silaha, asibakize kitu. Hakusema uongo hata kidogo. Lakini Isaya alimwambia ya kuwa hazina ile itachukuliwa Babeli, na baadhi ya wazao wake pia. Angalieni basi: aliyefungua hazina ni baba, waliolipa ni watoto.

Labda mtu atasema, "Mbona wahenga walinena, Mficha maradhi kifo humwumbua?" Ni kweli, lakini maradhi huonyeshwa kwa awezaye kuyatibu, wala si kwa soko zima. Na kutembea nuruni si kuuanika moyo wa mwenzako juani.

Martin Luther, alipoieleza amri ya nane katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba hata kosa la kweli la jirani lisitangazwe na mtu asiyepewa kazi ya kulihukumu. Ikiwa kosa lastahili kusitiriwa, si zaidi ugonjwa, ambao si kosa? Serikali yetu nayo, katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu habari za afya na za watoto kuwa taarifa nyeti. Lakini upendo usingoje sheria.

Basi, ndugu, na hasa ninyi wainjilisti na walimu, kabla ya kupeleka neno au picha tujiulize: Jambo hili ni la nani? Mwenyewe ameniruhusu? Kama sivyo, simu na ikae kimya. Tukiomba pamoja, yatosha kusema, "Tumwombee ndugu yetu aliye mgonjwa." Mungu amjua jina lake bila kuandikiwa.