Pumzi za Watu Nisiowajua

Chuoni, Mombasa, maalimu wetu alitufundisha kwamba madhambi yako ya namna mbili. Lililo baina yako na Mwenyezi Mungu, ukilitubia kwa moyo safi, mlango wa msamaha uko wazi. Lililo baina yako na mja mwenzako halifutwi na sala wala saumu mpaka umwendee mwenyewe, umrudishie haki yake au umwombe radhi. Akatusimulia habari za muflisi wa Siku ya Kiyama, mtu anayefika na shehena ya ibada, kisha wadai wake wakajitokeza mmoja mmoja, wakagawana thawabu zake zote zikaisha. Kwa akili ya kitoto nilidhani wadai wa mtu wanajulikana: uliyemwibia embe, uliyempiga, uliyemsengenya. Leo mimi ni fundi wa magari San Bernardino, California, na kazi hii imenionyesha kwamba kuna wadai ambao hata ukitaka kuwatafuta huwapati.

Jambo lenyewe lilianza na mpwa wangu. Ana Subaru WRX ya 2011, injini ya lita 2.5 yenye tabo, nguvu za farasi 265 kutoka kiwandani. Kwa kijana aliyekulia kwenye hadithi za Safari Rally za baba yake, gari hilo si chombo cha kwendea kazini tu. Alitaka lipate pumzi zaidi, na mimi simlaumu. Sijapata kuona aya wala hadithi inayoharimisha injini yenye nguvu. Mwendo mzuri wa gari lililotengenezwa vizuri ni neema, na mimi mwenyewe hufurahi nikisikia tabo inavyoanza kujaza hewa mguu ukigusa mafuta. Tatizo ni spea aliyokuwa ameichagua: bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo, jipya, la chuma kinachong'aa, lisilokuwa na masega ndani.

Fundi yeyote wa Afrika Mashariki anajua masega ni nini. Ni ile kauri yenye vijitundu vingi mithili ya nyumba ya nyuki, imepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Moshi unapopita humo, kaboni monoksidi na mvuke wa petroli ambayo haikuungua hugeuka hewa ukaa na maji, na oksidi za nitrojeni huvunjwa zikawa nitrojeni ya kawaida, hii hii tunayoivuta kila dakika. Kazi hiyo yafanyika masega yakishapata moto wa nyuzi mia mbili na zaidi, na injini ikichanganya hewa na petroli kwa kipimo cha takriban 14.7 kwa 1. Ndiyo maana gari linapowashwa asubuhi likiwa la baridi, dakika ile ya mwanzo huwa chafu kuliko safari nzima inayofuata. Ukiyatoa masega, kila dakika inakuwa kama ile ya mwanzo.

Kompyuta ya gari haikubali hivyo kimyakimya. Nyuma ya masega kuna sensa ya oksijeni ambayo kazi yake ni kushuhudia kama yanasafisha. Yasiposafisha, taa inawaka na kompyuta inaandika P0420, namba ambayo wenye Subaru wanaijua kuliko namba ya simu ya nyumbani. Basi wauzaji wa bomba tupu huuza na dawa yake: kipande cha chuma cha kuivuta sensa nyuma, mbali na moshi, au programu mpya inayoiambia kompyuta isiulize kabisa. Hapo ndipo nilipomsimamisha mpwa wangu. Nikamwambia, mwanangu, kosa la kwanza ni moshi, la pili ni ushahidi wa uongo. Umechukua shahidi mwaminifu ukamfundisha kusema mambo hayapo.

Mwaka 2015 dunia nzima iliona uongo huo ukifanywa na kampuni kubwa. Volkswagen walikuwa wameuza magari ya dizeli ambayo kompyuta yake ilitambua kwamba inapimwa, ikajisafisha. Yakirudi barabarani, oksidi za nitrojeni zilipanda hadi mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa. Waliogundua tofauti hiyo ni watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo kwenye magari yakiwa njiani badala ya maabara. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini kijana anayezima P0420 gerejini kwake anafanya jambo la ukoo huo huo. Tofauti ni wingi wa magari.

Na wingi ndio hoja yake aliyonijibu nayo. "Mjomba, gari moja tu. Shuka Long Beach ukaone meli zinavyofuka. Halafu haya malori ya maghala, usiku kucha." Si hoja ya kipuuzi. Bonde letu limejaa maghala, na malori yanayotoka bandarini hayana idadi. Jibu la fikihi, kwa ninavyolielewa, ni kwamba dhuluma ya jirani haikuhalalishii yako. Lakini jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli halikunitosha hata mimi, kwa sababu swali lake la ndani lilikuwa jingine: dhara dogo kiasi hicho, lililogawanyika kwa watu milioni, ni dhara? Kila mtu akipata chembe isiyoweza kupimwa, ni nani aliyedhulumiwa?

Hapa inabidi niseme habari za hewa ya hapa tunapoishi. Mchana, upepo wa Pasifiki huisukuma hewa ya Los Angeles kuja mashariki mpaka ikutane na milima. Juu yake hukaa tabaka la hewa ya moto linaloifunika isipande, na jua la kiangazi linaipiga kutwa. Zamani watu walidhani ukungu ule wa rangi ya kahawia unatoka kwenye viwanda na kwenye takataka zilizochomwa uani. Arie Haagen-Smit, mkemia Mholanzi aliyekuwa akifundisha Caltech kule Pasadena, ndiye aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni, vikichomwa na jua, huzaa ozoni. Baadaye akawa mwenyekiti wa kwanza wa CARB, bodi ya hewa ya jimbo iliyoundwa mwaka 1967. Kwa hiyo ozoni haitoki kwenye ekzosi ya mtu fulani. Inapikwa angani kutokana na ekzosi zetu zote, kisha inateremka kwenye vifua vya watu wa kaunti hii, ambayo ni miongoni mwa zenye ozoni mbaya kuliko zote Marekani. Mtoto wa shule mwenye pumu anayekatazwa kwenda uwanjani siku ya joto hajui gari la nani. Wala mwenye gari hamjui mtoto.

Mimi naona hilo linaizidisha dhambi uzito. Nikimkanyaga mtu mguu sokoni, nageuka namwomba radhi, tumemaliza. Huyu mtoto nitamwomba vipi? Wanazuoni wamesema kwamba mali ya dhuluma ambayo mwenyewe hajulikani itolewe sadaka kwa niaba yake, na nimewahi kumsikia mtu akiuliza kama moshi nao unaweza kulipiwa hivyo, upande miti, utoe fedha. Mali ina badala yake. Pumzi iliyokwisha kuvutwa haina. Kabla ya Haagen-Smit dereva alikuwa na udhuru wa kutojua. Sisi tuliokuja baadaye tunajua, na aliyejua amebeba.

Kama ningeishia hapo ningekuwa nimemwambia mpwa wangu auze Subaru anunue baiskeli. Siamini hivyo, na aliyenisaidia kutoamini hivyo ni Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Minhaji yake inasomeshwa kwenye darasa za pwani yetu mpaka leo. Ndani yake mna suala ambalo nililisikia ujanani bila kuliona uzito: mtu ana nyumba iliyozungukwa na makazi, anataka kuigeuza hamamu au zizi, au ana duka kwenye soko la wauza nguo, anataka kuweka uhunzi. Fikiria moto, moshi na cheche katikati ya vitambaa. Kauli anayoipa nguvu Nawawi ni kwamba anaruhusiwa, kwa sharti achukue hadhari na aziimarishe kuta inavyostahiki. Hakumwambia mhunzi azime moto wake. Alimwambia ajenge ukuta kwanza.

Nilipolirudia suala hilo nikiwa nimevaa koti lenye mafuta, gari la kijana limeinuliwa juu, nilielewa kwamba masega ndio ukuta. Nguvu ongeza, ila ukuta usiubomoe, na mwenye kudai kwamba haujabomoka alete ushahidi.

Ushahidi huo California una jina na namba. Sheria ya magari ya jimbo, kifungu cha 27156, inakataza kufunga kitu chochote kinachobadilisha mfumo wa kusafisha moshi, isipokuwa kile ambacho mtengenezaji wake amekipeleka kikapimwa, na CARB ikatoa amri ya kukiruhusu. Mafundi tunaiita EO, kifupi cha Executive Order. Namba yake huanza na herufi D, na spea halali huja na stika yenye namba hiyo ya kubandikwa chini ya boneti, mkaguzi aione. Nilimfundisha mpwa wangu asiridhike na tangazo la muuzaji. Maneno kwamba spea inakubalika majimbo yote 50 ni ya biashara. Waraka wa EO uko wazi kwa kila mtu, na ndani yake kuna orodha ya miaka, aina za magari na ukubwa wa injini. Bomba la kuvutia hewa lililoruhusiwa kwenye gari la 2008 si lazima liwe limeruhusiwa kwenye la 2011 hata kama boliti zinalingana. Na spea iliyoandikwa kwamba ni ya mashindano tu, basi ni ya mashindano tu. Mwenye kuiandika hivyo anajua itafungwa barabarani, na mnunuzi anajua kwamba anajua.

Tukakaa na orodha yake siku nzima. Bomba la kuvutia hewa tulilipata lenye EO ya gari lake hasa. Ekzosi kuanzia nyuma ya masega kwenda mkiani haihitaji EO, kwa kuwa moshi ukifika hapo umeshasafishwa. Inayohesabiwa huko ni kelele, isizidi desibeli 95. Programu ya kompyuta ilitusumbua zaidi, maana nayo ni spea kama spea nyingine, na tangu Julai 2021 ukaguzi wa moshi hapa unasoma programu iliyomo kwenye gari na kuliangusha lenye programu isiyo ya kiwandani wala yenye EO. Nikamshauri fedha za bomba tupu azitie kwenye tairi nzuri na pedi za breki. Alinuna kidogo. Kijana anataka farasi, unampa mpira.

Kuna watu wanaofuata haya yote kwa kuogopa ukaguzi wa kila baada ya miaka miwili. Huyafunga masega wiki ya ukaguzi, wakishapata cheti wanayatoa. Sheria ikimwona mtu huyo inamkuta safi. Lakini amali huangaliwa kwa nia yake, na aliyeyafunga masega kwa ajili ya karatasi hajamjali mtu yeyote anayepumua. Ndiyo sababu nilimwomba mpwa wangu afikirie angefanyaje Mombasa, ambako gari la binafsi kutoka Japani linashushwa bandarini na masega yake mazima, kisha kuna gereji zinazoyang'oa likianza tu kupungua nguvu, mwenyewe akashukuru. Mpaka petroli ya risasi ilipoondolewa Kenya mwishoni mwa 2005 tulikuwa na kisingizio, maana risasi huua masega haraka. Kisingizio hicho kimekwisha zamani. Mama anayekaanga mahamri kando ya barabara ya Makupa ana mapafu kama ya mtu wa San Bernardino, na haki yake kwa Mungu haipungui kwa sababu hakuna mashine ya kumpimia.

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo bado ninalo: "Na magari ya zamani, Mjomba?" Kwa sheria ya hapa, gari la 1975 kurudi nyuma haliendi kabisa kwenye ukaguzi. Linaweza kutoa moshi mchafu kuliko Subaru kumi kama ya kwake, na halina wa kuliuliza. Sheria imelisamehe kwa kuwa magari ya aina hiyo yamebaki machache na hayatembei sana. Je, msamaha wa sheria ni msamaha wa yule mtoto? Sijui kwa nini ungekuwa. Lakini pia siwezi kumharimishia mzee gari alilolitunza miaka yote na analolitoa Jumapili tu.

Muda mfupi baada ya hapo aliniletea gari mteja mwenye Datsun 240Z ya 1972. Kabureta zake zilikuwa zinamwaga petroli. Ukisimama nyuma macho yanawasha. Yeye alitaka nimbadilishie plagi tu, harufu ile aliipenda, ilimkumbusha ujana wake. Nilimwomba ruhusa niingize kipimo kwenye ekzosi, nikamwonyesha namba. Tukabadilisha sindano na boya za kabureta, nikazisawazisha zote mbili zivute sawa, nikapunguza petroli mpaka injini ikatulia bila kutetemeka. Nilimtoza bei ya spea na ufundi kama gari jingine lolote, nikaandika vipimo vya kabla na vya baada kwenye risiti yake.