Mwenye Bahasha Asipewe Mimbari

Jumapili iliyopita nilialikwa harambee ya kuezeka kanisa. Sitalitaja kanisa lenyewe wala dhehebu lake, maana ugonjwa huu hauchagui dhehebu. Mhubiri alikuwa ndiyo kwanza anakolea pale ving'ora viliposikika barabarani. Akanyamaza. Wazee wa kanisa wakahama viti vya mbele wakaenda kusimama ukutani, na kabla vumbi la msafara halijatulia, mheshimiwa alikuwa tayari ameshika kipaza sauti. Akasema "Bwana asifiwe" mara tatu, akatuahidi lami, akawarushia vijembe wapinzani wake, halafu akainua bahasha ya kaki juu ili kila mtu aione. Vigelegele vilivyopigwa hapo sikuwa nimevisikia tangu ibada ianze.

Kwenye benchi la nyuma mama mmoja alikuwa amempakata jogoo aliyefungwa miguu, akisubiri mnada. Mnada uliahirishwa kwa sababu mheshimiwa alikuwa na haraka, na jogoo akarudi nyumbani na mwenyewe.

Wiki nzima jambo hilo limenikera, na kila likinikera nawaza Thogoto.

Wanaoifahamu Thogoto, kule Kikuyu, wanajua kuwa ndicho kitovu cha Upresbiteri wa Kenya na kwamba misheni yake ilizaliwa mikononi mwa matajiri. Mwaka 1891 William Mackinnon na wenzake wa kampuni ya Imperial British East Africa walitoa fedha, Dkt. James Stewart akaongoza msafara hadi Kibwezi. Malaria iliwasumbua sana huko, na mwaka 1898 misheni ikahamia Kikuyu. Kanisa la Scotland likaichukua baadaye, zikaja shule na hospitali. Mwaka 1909 akafika kijana aitwaye Kamau wa Ngengi, ambaye ulimwengu ungekuja kumjua kama Jomo Kenyatta.

Hayo ni mema, na anayeyakana hana shukrani. Lakini mwenye mfuko alikuwa pia mwenye sauti. Mwaka 1929 Dkt. John Arthur wa misheni hiyo na wenzake waliwataka walimu na waumini waweke alama ya kidole gumba, kile kilichoitwa kirore, kuikana tohara ya wasichana. Kuhusu kisu chenyewe, mimi niko upande wa Arthur hadi kesho. Kuhusu njia aliyotumia, hapana. Walimu waliokataa walipoteza kazi, na waumini wengi wakaondoka.

Walipoondoka walifanya nini? Walichanga. Wazazi walijenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha walimu Githunguri, kikaendelezwa kwa michango ya wananchi wasio na kitu. Waasi wale walijitegemea kabla Wapresbiteri hawajaifanya Jitegemea kuwa kaulimbiu yao.

Na kaulimbiu ile haikuja kama pambo la bendera. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) wakati huo, alisimama mbele ya Wakristo wa Marekani mjini Milwaukee na kuwaomba wamishenari warudi kwao kwa muda usiopungua miaka 5, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama yenyewe. Fikiria ujasiri huo. Wageni wale walikuwa na nia njema na fedha zao zilikuwa zikihitajika, lakini mzee huyu alijua kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hapo namsikia msomaji wangu mmoja akisafisha koo. "Wewe mwandishi, paa halijengwi kwa kaulimbiu. Pesa ni pesa. Hata Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo!"

Aliingia, ndiyo. Ila Zakayo, baada ya kushuka mtini, hakuomba kusalimia mkutano. Alisema kama amemdhulumu mtu atamrudishia mara nne, na nusu ya mali yake akaahidi kuwapa maskini. Niletee mheshimiwa wa namna hiyo, nami nitamwachia kiti changu.

Hasara ya bahasha haihesabiwi kwa shilingi, bali kwa sauti inayonyamazishwa. Mwaka 1969, Wakikuyu walipokuwa wakilishwa viapo vya siri ili madaraka yasiwatoke, viongozi wa PCEA, Gatu akiwa miongoni mwao, walivipinga hadharani, ingawa Kenyatta, aliyekuwa Ikulu, alilelewa na misheni yao. Tarehe 1 Januari 1990, katika Kanisa la St. Andrew's, Nairobi, Mchungaji Timothy Njoya aliuliza katika mahubiri yake kama utawala wa chama kimoja ungedumu baada ya tawala za Ulaya Mashariki kuanguka. Serikali ilifura kwa hasira. Niambie, sauti kama hiyo itatoka wapi katika kanisa ambalo mabati yake yamenunuliwa na yule anayepaswa kukemewa?

Kukataa kunawezekana. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya Rais William Ruto yaliyotolewa parokia ya Soweto. Mbingu hazikuanguka.

Sisemi wanasiasa wafukuzwe ibadani. Waje, waimbe, watie sadaka yao kikapuni kimyakimya kama sisi wengine, na mhubiri amalize neno lake. Kama wazee wa kanisa wataliweza hilo, wao ndio wanajua. Gatu aliwaomba watu wa nia njema wakae kando miaka 5. Hawa wa kwetu, ambao nia yao tunaijua, ninawaombea likizo fupi zaidi ya kipaza sauti: hadi uchaguzi wa 2027 upite. Baada ya hapo tutaona ni nani atakayekuja na bahasha wakati hana kura ya kuomba.