Haki Iliyo Juu ya Mwenye Kuona kwa Mbali

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mwenye kuona yaliyo wazi na yaliyofichika; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mtu apitaye ufuoni akamwona mwenziwe anazama, naye ana uwezo wa kumwokoa, haijuzu kwake kuendelea na safari yake. Hata aliye katika Sala huikata akamwokoe. Lakini yule aliyekuwa nyumbani kwake, asione wala asisikie, hana lawama, kwani kutojua ni udhuru. Hukumu hii haikuwa na mashaka zama jicho la mwanadamu lilipokuwa halivuki upeo wa bahari. Leo vimewekwa angani vyombo viitwavyo setilaiti, vizungukavyo dunia kwa urefu wa mamia ya kilomita, vikipiga picha za miji na mito na mashamba. Aliye London au Mombasa aweza kuiona nyumba iliyozungukwa na maji katika nchi asiyopata kuikanyaga. Basi swali ni hili: mtu huyo hukumu yake ni ya aliyesimama ufuoni, au ni ya aliyekuwa nyumbani?

Kabla ya kujibu yafaa khabari zenyewe zijulikane. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince katika nchi ya Haiti. Waokoaji waliofika kutoka ng'ambo hawakuwa na ramani ya kutosha. Hawakujua njia ipi yapitika wala hospitali i wapi. Hapo mamia ya watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajapata kufika Haiti, waliketi majumbani mwao mbele ya kompyuta, wakazitazama picha za setilaiti, wakachora njia moja moja na nyumba moja moja katika OpenStreetMap, ramani ya watu wote iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Siku hazikuwa nyingi ramani ile ikawa mikononi mwa waokoaji.

Na khabari iliyo karibu zaidi ni ya Msumbiji. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019 tufani iitwayo Idai iliupiga mji wa Beira. Mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na nchi kavu ikawa kama bahari. Watu zaidi ya 600 walikufa katika Msumbiji peke yake. Mawingu yalikuwa yametanda, na picha za kawaida hazipenyi wingu. Lakini ziko setilaiti zitumiazo rada: hupeleka mawimbi chini, na ardhi yenye miti na nyumba huyarudisha, na maji yaliyotulia huyaepusha upande mwingine. Kwa hivyo palipo na maji huonekana peusi katika picha, ijapokuwa ni usiku na ijapokuwa kuna wingu. Kwa njia hiyo ilijulikana maji yamefika wapi. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, tufani nyingine, Kenneth, iliyokwisha kuipiga Ngazija, ilishukia Cabo Delgado, ikabomoa nyumba nyingi za kisiwa cha Ibo. Watu wa huko ni ndugu wa watu wa pwani hii kwa dini, na kwa lugha hawako mbali.

Ikiwa khabari ni hizi, jibu ni kuwa udhuru wa kutojua umeondoka, kwa kadiri ya kilichoonekana na kwa kadiri ya uwezo wa aonaye. Wanazuoni wa Usuli wana kanuni mashuhuri, kuwa jambo la wajibu lisipotimia ila kwa jingine, hilo jingine nalo huwa wajibu. Kumfikishia chakula aliyezingirwa na maji hakutimii ila njia ijulikane. Basi kuijua njia kumeingia katika wajibu. Nayo ni fardhi kifaya, mfano wa kuzika maiti: wakisimama wa kutosha, wengine husalimika, wasiposimama, kila mwenye uwezo ana sehemu yake katika dhambi.

Wako watakaosema kuwa hii ni kazi ya dola kubwa na ilmu ya kigeni. Ama ilmu ya mahali, si ngeni kwa Waislamu. Al-Biruni alipotaka kukijua sawasawa kibla cha mji wa Ghazna, alitunga kitabu kizima cha kupima umbali wa miji, akakimaliza mwaka 1025. Na al-Idrisi alimchorea mfalme Roger wa Sisilia ramani ya dunia mwaka 1154, kusini ikiwa juu, na ndani yake imo nchi ya Zanji, ndiyo pwani hii. Ilmu iliyowasaidia watu kuelekea kibla, kuwasaidia kumfikia mwenye kufa njaa hakuiaibishi.

Na wako watakaosema neno lenye uzito zaidi. Qurani, katika Suratul Hujurat, imekataza kupelelezana, na Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuchungulia nyumba ya watu kabla ya kupewa idhini. Hodi imewekwa kwa ajili ya kuyazuia macho. Basi atazamaye kutoka angani amepiga hodi kwa nani?

Neno hili si la kupuuzwa. Ni kweli kwamba picha zitumikazo katika kazi hii huonyesha mapaa na njia, wala hazionyeshi uso wa mtu. Na anayevunja mlango wa nyumba inayoungua hahesabiwi mwizi, maadamu ametoka na watoto, hakutoka na sanduku. Lakini paa nalo lina siri yake. Cabo Delgado ile ile ilikwisha kuingiliwa na vita tangu Oktoba 2017, na watu wengi wakayahama makwao. Ramani imwonyeshayo dereva wa lori la unga mahali walipo wakimbizi, yaweza kumwonyesha hapo hapo mwenye panga. Kwa hivyo njia, mto na daraja ni haki ya watu wote kuvijua. Ama maficho ya mnyonge ni amana, hayatangazwi, hupewa yule tu ambaye kazi yake haitimii bila ya kuyajua. Na shaka ikiingia, kuondoa dhara hutangulizwa mbele ya kuleta nafuu.

Limebaki jambo la tatu, na ndilo lisahauliwalo. Jicho la juu lina upungufu. Nyumba iliyoanguka kuta huonekana nzima ikiwa paa limelala juu yake bila kupasuka. Mchoraji aliye mbali huona mstari mweupe, asijue kuwa ni njia au ni mto uliokauka; huona paa kubwa, asijue kuwa ni msikiti au ni ghala. Wala picha haisemi jina la mtaa, wala haimtaji mjane mkongwe alalaye nyuma ya ghala lile. Ajuaye hayo ni jirani. Katika Dar es Salaam, mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walitembea Tandale pamoja na wenyeji, wakaandika katika ramani yale yasiyoonekana kutoka juu. Na tangu 2015 kazi iitwayo Ramani Huria ikayaendea mitaa mingine ipatwayo na mafuriko, ikachora mifereji na njia zake.

Hapa ndipo hukumu inapomgeukia yule aliyedhani haimhusu. Mwenye setilaiti akizuia picha, ataulizwa. Na mwenyeji ajuaye maji ya masika hupita wapi, akanyamaza mpaka yakaja, naye ataulizwa, kwani sehemu yake hakuna wa kumtimizia. Safina ya Nabii Nuhu ilijengwa nchi ingali kavu. Wazee wa kila mtaa wanayo majina na alama za maji ya miaka iliyopita, na vijana wao wanajua kuandika na kutumia vyombo vya leo. Baada ya Sala ya Ijumaa moja au mbili, mbele ya msikiti, kazi hiyo yaweza kukamilika kwa mtaa mzima.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na kwake yeye ndiko kwenye taufiki.