Kutojua na Kujitia Hamnazo

Katika mkutano wetu mmoja wa walimu, mazungumzo ya mitaala yalipokwisha tukabaki na chai, mzee wetu mmoja aliyekwisha staafu alituuliza swali ambalo hatukulitazamia. "Ndugu zangu," alisema, "mtu akikosa hali hajui kuwa anakosa, je, amekosa?" Tulidhani ni mas'ala ya darasani, kwani nani kati yetu hajamsamehe mwanafunzi aliyekosea neno asilofundishwa bado? Kumbe mzee alikuwa amesoma habari za barafu ya Ncha ya Kusini, na alitaka kujua tuwahukumu vipi watu wa kale walioanza kuijaza anga moshi wa makaa ya mawe bila ya kujua moshi ule ungefanya nini.

Tunaandika juu ya swali hilo kwa sababu hatukuafikiana, na kwa sababu habari yenyewe inastahili kujulikana na kila mwenye kushika chaki.

Habari hiyo haitengani na mtu mmoja, Claude Lorius, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2023. Mwaka 1957, angali kijana, alikwenda kuishi mwaka mzima Antaktika pamoja na wenzake wawili katika kituo cha Charcot, kibanda kidogo kilichofukiwa ndani ya theluji, mbali na bahari na mbali na binadamu yeyote. Hakwenda kumtafutia mtu lawama. Alikwenda kupima theluji. Theluji ya huko haiyeyuki. Ya mwaka huu huilalia ya mwaka jana, na ya mwaka jana huilalia ya mwaka juzi, hata uzito ukaifinya ile ya chini ikawa barafu ngumu. Tena katika maji ya barafu hiyo mna haidrojeni ya kawaida na haidrojeni nzito, na kiasi cha ile nzito huwa kidogo kadiri baridi ilivyokuwa kali theluji ilipoanguka. Basi mwenye kuipima huweza kutaja baridi ya zama ambazo hapakuwa na mtu wa kuzisimulia.

Hilo lilikuwa fumbo la kwanza. La pili alilifumbua mwaka 1965, na namna alivyolifumbua inachekesha kidogo. Jioni moja huko huko Antaktika, yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ya kale katika bilauri za wiski, wakaona vipovu vikitoka na kupasuka. (Mwalimu anayeona haya kuitaja wiski mbele ya watoto na aseme bilauri tu, vipovu ni vile vile.) Wengine wangalikunywa wakaenda kulala. Lorius aliwaza kwamba vipovu vile ni hewa, na kwamba hewa ile ilifungiwa humo tangu theluji ilipogeuka barafu. Kwa hiyo barafu haikuhifadhi baridi ya kale peke yake. Ilihifadhi na pumzi ya ulimwengu wa kale.

Ikabidi kupata barafu ya kale zaidi. Warusi walikuwa nayo katika kituo chao cha Vostok, mahali ambapo mwezi wa Julai 1983 kipimajoto kilishuka hata nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Kwa miaka mingi walikuwa wakiitoboa barafu kwa kekee, wakipandisha juu mche baada ya mche, mfano wa miche ya sabuni. Mwaka 1984, Vita Baridi ikiwa bado inaendelea, Lorius alifika Vostok, na hapo likatendeka jambo ambalo wanasiasa wa siku zile hawakuliweza: barafu iliyotobolewa na Wasovieti ilibebwa kwa ndege za Wamarekani ikapimwe na Wafaransa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Mche huo, wenye urefu wa mita zaidi ya 2,000, ulisimulia habari za miaka kama 160,000, na katika muda huo wote joto na hewa ukaa vilikuwa vikipanda na kushuka pamoja. Miche iliyofuata ilifika miaka 420,000, kisha 800,000. Katika miaka hiyo 800,000 hewa ukaa ilikuwa ikienda baina ya sehemu kama 180 na 300 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420.

Sasa turejee kwenye chai yetu. Mzee alishikilia kwamba kabla ya barafu kusema hapakuwa na mkosa, na kwamba kosa limeanza pale tu watu walipoambiwa. Sisi tulimjibu kwamba Svante Arrhenius wa Sweden alikwisha piga hesabu mwaka 1896, akaonyesha kuwa hewa ukaa ikiongezeka dunia itapata joto. Mzee akacheka. Elimu iliyomo katika daftari la mtu mmoja, alisema, si elimu ya mji. Basi tukamwuliza: wajue watu wangapi ndipo ihesabiwe kuwa mji umejua? Hakutupa idadi, wala sisi hatuna.

Hata hivyo lugha yetu, tuonavyo, inatusaidia hapa kuliko hesabu. Baina ya kutojua na kujua, Kiswahili kimeweka hali ya tatu, nayo ni kujitia hamnazo. Walimu wa sarufi na waitazame: kiambishi -ji- kinamrudishia mtenda kitendo chake mwenyewe. Kutojua humpata mtu kama mvua inavyompata njiani, lakini hakuna ajitiaye hamnazo kwa bahati mbaya. Na hali hiyo ya tatu ndiyo inayotuelea tunaposoma kwamba zaidi ya nusu ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu mwaka 1750 imetolewa baada ya mwaka 1990, yaani barafu ikiwa imekwisha kusema, na mataifa yakiwa yamekwisha kuketi kulijadili jambo hilo. Wahenga wa moshi tunaweza kuwasamehe. Waliofuata wanatuwia vigumu.

Kijana mmoja katika kikao akauliza: na Lorius je? Si alisafirishwa kwa ndege zinywazo mafuta? Si tundu lile la Vostok lilijazwa mafuta ya taa lisije likajifunga? Ni kweli. Tulilizungumza jambo hilo kwa muda mfupi tu, kwa kuwa shahidi hatakiwi kuwa malaika. Hutakiwa asifiche alichokiona, na Lorius hakukificha.

Lakini swali lililotukata maneno lilitoka kwa mwalimu mwenzetu wa kike ambaye tangu mwanzo alikuwa kimya. Alisema: "Kijijini kwangu akina mama wanapikia makaa, na waume zao ndio wanaokata miti. Hapo zamani hawakujua. Mwaka jana nimewafundisha watoto wao habari hizi, na watoto wamezifikisha nyumbani. Sasa wanajua, na bado wanapikia makaa, maana hawana kingine. Kama kujua ndiko kunakoleta kosa, basi nimewatia hatiani mimi mwenyewe kwa chaki yangu?"

Tulinyamaza. Tumeizoea ile kauli kwamba elimu ni nuru, hata hatukupata kufikiri kuwa huenda ikawa ni mzigo anaotwishwa asiye na pa kuutua. Afrika nzima haifikishi sehemu 5 kati ya 100 za hewa ukaa itokayo duniani kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kumwambia mama huyo kwamba naye anajua, kwa hiyo naye ni mkosa sawa na mwenye mtambo, ni dhuluma iliyovaa kanzu ya haki. Maoni yetu ni kwamba lawama haipimwi kwa kujua peke yake. Hupimwa kwa kujua na kuweza vikiwa pamoja, na penye kujua pasipo na kuweza panabaki huzuni, si hatia.

Mzee hakuridhika. Alisema mlango huo tumeufungua mpana mno: kesho mwenye mtambo naye atakuja na kusema kwamba hawezi, kwamba ana wafanyakazi wa kulisha na madeni ya kulipa, na nani atampimia uwezo wake? Tulikiri kwamba atakuja, tena atatangulia kufika kuliko mama wa makaa, kwa kuwa ana gari. Tukasema uwezo wa mtu hujulikana kwa yale anayoyafanya anapojitakia faida. Mzee akatikisa kichwa. Hapo ndipo tulipoachana, na barua aliyotuandikia baadaye yaonyesha hajabadili rai.

Yule mwalimu wa kike alirudi kijijini kwake. Somo la barafu limo katika mpango wake wa muhula ujao, naye ametuomba tumtafutie picha ya mche wa Vostok inayoonyesha vipovu vya hewa. Tuliyo nayo imefifia. Msomaji mwenye iliyo safi tungemshukuru akituazima.