Kivumishi -ya cha Ekegusii: Uzuri au Wema?

Mgeni mwenye sikio la Kiswahili akifika Ekerenyo, Mugirango Kaskazini, na kusikia watu wakitajwa kuwa ni "abanto abaya", hana budi kushtuka. Anachosikia ni lawama; kinachosemwa ni sifa. Katika Kiswahili, b ya -baya ni sehemu ya shina. Katika Ekegusii, aba- ni kiambishi cha ngeli, na shina ni silabi moja tu, -ya. Mtu mmoja ni omuya, maneno ni amaya, na hali yenyewe ni buya, neno linalobeba salamu ya asubuhi: "bwakire buya".

Kosa hilo la sikio ni jepesi na husahihishwa kwa siku moja. Uzito uko katika maana. Kiswahili kina -zuri na -ema, na japo -zuri nalo hutumika kusifu tabia, mhakiki amezoea kuwapima wahusika kwa mwanya uliopo baina ya maneno hayo. Methali ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti, imesimama juu ya mwanya huo. Wayunani wa kale nao walikuwa na kalos na agathos, ila wao walifika hadi kuyaunganisha yawe neno moja la sifa. Kivumishi -ya hakidai utengano tangu mwanzo: asubuhi, habari, msichana na Mwenyezi Mungu huweza kusifiwa kwacho.

Je, Wagusii hawatofautishi sura na tabia? Kudai hivyo ni kuchanganya kamusi na akili. Tofauti ipo, lakini hubebwa na muktadha, na katika ngano muktadha huchelewa. Fanani akisema "omoiseke omuya", hadhira husubiri matendo ya binti huyo. Mfasiri hawezi kusubiri. Akiandika "mzuri" amekwisha kumfanya binti kuwa sura. Akiandika "mwema" amemwondolea jaribio ambalo hadithi ilikuwa imemwandalia. Na yule anayeandika "mzuri" kila atajwapo msichana na "mwema" kila atajwapo mzee hafasiri tena; anahukumu, tena kwa mizani ambayo fanani hakuishika.

Yamkini ni afadhali kuliacha neno omuya lilivyo katika matini, pamoja na usumbufu wake wote, hadi pale kisa chenyewe kitakapoamua.