Ujira wa Kumwogesha Mama

Mtoto akilipwa kwa kumlea mama yake, je, radhi zinapungua? Swali hili limewagawa Waswahili wenzangu hapa Sacramento, California, tangu ijulikane kwamba dada mmoja wa kwetu Tanga hupokea fedha kwa kumwogesha mama yake, na kwamba sehemu ya fedha hizo hutoka kwa mama mwenyewe. “Anamtoza mzazi wake,” wanasema. Mimi naishi kwa kazi hiyohiyo katika nyumba za watu, na nasema hajakosea.

Tuanze na sheria. Medicaid, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwagharimia matibabu wenye kipato kidogo, ulianzishwa mwaka 1965. California huuita Medi-Cal. Mzee ambaye pensheni yake imevuka kiwango hafukuzwi, ila hupangiwa kiasi cha kuchangia kila mwezi kabla serikali haijaanza kulipa. Mama huyu alistaafu kazi ya jikoni na hupata dola 1,820 kwa mwezi. Mwaka 2024 kiwango cha mtu mmoja kilikuwa dola 1,732. Kwa kuzidi dola 88 tu, hesabu ya msingi inakuwa hivi: toa 20, toa 600 za kujikimu, na 1,200 zinazobaki ndizo mchango wake. Lakini mchango huo hauendi kwa daktari na duka la dawa peke yake. Malipo ya kuogeshwa, kuvishwa, kulishwa na kusaidiwa chooni nayo yanahesabiwa. Katika mpango wa huduma za nyumbani uitwao IHSS, unaoruhusu hata mtoto kuajiriwa, mama humlipa mlezi wake mchango huo mwenyewe, na serikali hulipa saa zilizosalia.

Hapo sheria imesema kweli: kuogesha ni tiba. Kila asubuhi nikimgeuza mzee ninayemlea, nakagua visigino, nyonga na mgongo. Wekundu usiopotea ukiubonyeza ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na kidonda hicho kikipuuzwa huchimba hadi mfupani. Daktari humwona mzee mara chache. Mwenye kumwosha humwona kila siku.

Na dini je? Katika Sura An-Nisaa, aya ya 6, msimamizi wa mali ya yatima akiwa na uwezo huambiwa ajizuie; akiwa maskini huruhusiwa kula kwa kadiri inayokubalika. Yatima anabaki amana, na msimamizi anabaki na thawabu zake. Katika Sura At-Tawba, aya ya 60, wanaoikusanya zaka wametajwa miongoni mwa wanaostahili kupewa zaka hiyo. Sijasikia shekhe akisema kuwa ibada yao imebatilika. Dada huyu aliacha kazi ya ghala ili amlee mama. Kodi ya nyumba haikuacha kuja. Anachokula ni kwa kadiri inayokubalika, na anakula pamoja na mama.

Tunajua pia yanayotokea malezi yasipohesabiwa. Evelyn Coke, mhamiaji kutoka Jamaika, aliwahudumia wazee majumbani huko New York kwa miaka mingi, kisha akadai malipo ya saa za ziada. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimnyima, kwa sababu kanuni ziliihesabu kazi yake kama kumkalia mtu karibu tu. Alifariki mwaka 2009. Kanuni mpya ilitolewa 2013, yeye hayupo. Kazi iliyosifiwa kuwa ni upendo mtupu ilibebwa na wanawake maskini, na sifa hizo hazikuwalipia hata nauli ya basi.

Kama kuna dhuluma katika jambo hili, iko kwenye zile dola 600. Kiasi hicho cha kujikimu kiliwekwa mwaka 1989, na mwaka 2024 kilikuwa kilekile, katika mji ambao dola 600 hazikodishi hata chumba. Mzee anaambiwa ajifukarishe kwanza ndipo asaidiwe. Hilo ndilo la kulikemea msikitini na kwa wabunge wa jimbo, kwa majina yetu na sahihi zetu. Binti anayeamka alfajiri kuchemsha maji ya mama yake tumwache apokee ujira wake bila aibu. Radhi anazipata kwa namna anavyomshika mama, na ujira ndio unaomwezesha kumshika kesho tena.