Siku Mbili kwa Bahari

Ibn Battuta alilala Mombasa usiku mmoja. Ilikuwa mwaka wa 1331, akitoka Mogadishu kuelekea Kilwa, na katika kitabu cha safari zake anatueleza mambo machache tu: kwamba watu wa hapa ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao na imejengwa vizuri, chakula chao ni ndizi na samaki, na nafaka hawalimi, bali huletewa kutoka nchi ya Sawahili. Kisha anasema kisiwa hiki kiko mwendo wa siku mbili kwa bahari kutoka nchi hiyo ya Sawahili, na kwamba hakina ardhi yoyote bara.

Naandika haya nikiwa Junda. Junda ni bara. Ukiteremka hadi kwenye mikoko upande wa Mishomoroni, ng'ambo ya maji unaiona Tudor, na Tudor ni kisiwani. Siku ya foleni mbaya Daraja la Nyali laweza kukuweka saa nzima, lakini siku mbili? Wallahi hata matatu za Kisauni hazijafika huko.

Huyu ni shahidi ambaye karibu kila anayeandika kuhusu Mombasa ya kale lazima ampitie. Tafuta Mombasa ya karne ya 14 kwenye injini yoyote ya kutafutia makala za kitaaluma, utakutana na jina lake mapema. Na hapo ndipo swali langu linapoanzia: mwanafunzi akikuomba umsaidie kupata habari ya kuaminika, anakuomba nini hasa?

Ombi hili mimi hulipata karibu kila wiki. Mtaani najulikana kama yule dada wa laptopu, basi watoto huletwa. Mtaala mpya unawatuma watoto wakafanye utafiti, na kwa wengi hapa utafiti maana yake ni simu ya mama, usiku, mama akisharudi kazini, bando la shilingi 20 likiwa ukingoni. Mama akichoka anasema, "Nenda kwa dadako yule, yeye ana intaneti." Shahada sina. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, na hilo halijawahi kumzuia mtu kubisha hodi.

Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba usimwache mtoto kwenye Google ya kawaida. Mpeleke Google Scholar, ambayo imekuwepo tangu 2004. Mpeleke AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza 1998. Kwa masomo ya darasani kuna hazina ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala. Ushauri huu ni mzuri na mimi huutoa. Ukiingia huko matangazo ya dawa za kuongeza unene yanapungua, na walioandika wana majina na mahali pa kazi. Lakini chini ya kila makala kwenye Google Scholar kuna tarakimu inayosema kazi hii imenukuliwa mara ngapi, na mtoto wa siku hizi anaisoma tarakimu ile kama likes. Ikiwa kubwa, basi ni kweli. Imeisha hiyo.

Kuna binti wa jirani, yuko Gredi ya 8, alikuja na kazi ya kuandika habari za mji wake zamani. Tukatafuta, tukampata Ibn Battuta ndani ya makala moja, tena nyingine, tena nyingine. Akasoma polepole, kidole juu ya kioo cha simu. Akanyamaza. Halafu akauliza:

"Dada, huyu mtu alikuja kweli?"

"Alikuja."

"Mbona hakuiona Kisauni?"

Sijasikia swali zuri kuliko hilo, na hakuna injini iliyomsaidia kulipata. Lilitoka kwa kuwa anaishi hapa.

Sasa, binti huyu jioni huenda madrasa, kama watoto wengi wa huku, na huko amefundishwa jambo ambalo skuli haijamfundisha. Hadithi haianzi na maneno ya Mtume. Inaanza na majina: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka juu. Hiyo ni isnadi. Wanazuoni wa zama za Bukhari, aliyefariki mwaka wa 870, walichunguza kila jina. Je, huyu aliwahi kukutana na yule anayedai kumsikia? Kumbukumbu yake ilikuwaje uzeeni? Walitenga pia habari iliyopokewa na watu wengi katika kila kizazi na habari ambayo, hata ikienea vipi, kwenye asili yake ina mtu mmoja tu.

Google Scholar inahesabu walionukuu. Isnadi inauliza walionukuu wamepokea kwa nani. Vitabu 1,000 vikiwa na mdomo mmoja, hiyo bado ni habari ya mtu mmoja.

Basi tukaifuata njia, mimi na yeye. Makala ya leo imechukua kutoka tafsiri ya Kiingereza. Tafsiri imetoka kwenye Kiarabu. Kiarabu hicho kiliandikwa na Ibn Juzayy, mwandishi aliyeagizwa na sultani wa Moroko kukaa na msafiri na kuandika simulizi zake, kazi iliyokamilika mwaka wa 1355. Na msafiri mwenyewe alikuwa anakumbuka. Usiku mmoja, baada ya miaka 24, baada ya India na Maldivi na mengine yote aliyopitia.

Ukifika hapo unaona kitu ambacho tarakimu ya kunukuliwa haiwezi kukuonyesha. Misikiti ya mbao huyu bwana alisali ndani yake, ama tuseme alikuwa na kila sababu ya kuiona. Ndizi alikula. Lakini nchi ya Sawahili iliyoleta nafaka, hiyo yaelekea aliambiwa tu. Pengine kwa jina hilo watu wa kisiwani walimaanisha pwani ya mbali, wala si hii iliyo mbele ya macho. Pengine kumbukumbu zimevaana. Ndani ya aya moja ya mtu mmoja mna ushahidi wa macho na mna habari ya kusikia, na vyote vimevaa kanzu moja. Kumwita mwongo ni uvivu. Kumwamini kila neno nao ni uvivu uleule. Mwenzake al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake Sicily mwaka wa 1154 kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili, anaandika kwamba watu wa Mombasa wanachimba chuma, na yeye hakuwahi kukanyaga huku hata siku moja. Kwenye orodha ya matokeo wanakaa jirani, majina makubwa yote mawili.

Najua kuna anayesoma hapa akisema: dada, mtoto anataka maksi kesho asubuhi, wewe unamtembeza Moroko. Ni kweli. Mpe jibu alale. Tena nchi hii ina watu wengi wanaoishi kwa kutoa majibu. Wakenya wenzangu wanawaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo, na hata filamu imetengenezwa juu yao, The Shadow Scholars ya mwaka 2024, Profesa Patricia Kingori wa Oxford akiwafuatilia. Anayelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo simnyooshei kidole, hasa nikijua wengi wao wana digrii na hawana ajira. Ninachokitazama ni kile kinachotokea kwenye mnyororo. Karatasi inabeba jina la mtu ambaye hakusoma, hakuona, wala hakuuliza. Aliyesoma na kuona hana jina popote. Siku moja aliyenunua atakuwa muuguzi au mwalimu, atasema neno, na watu watalipokea kwa dhamana ya jina lake.

Dhamana ndilo neno. Nikimpa mtoto jibu, nimejiingiza kwenye isnadi yake. Kesho ticha akimuuliza umejuaje, atasema, "Dada kaniambia." Ni mzigo huo, hata kama ni swali la alama mbili. Nami nimeridhika kuubeba mara nyingine, maana usiku una mwisho na bando lina mwisho. Lakini siwezi kuubeba kimyakimya, nikamwacha adhani jibu limeshuka kutoka mbinguni.

Ndiyo maana hizi programu za akili unde zinanitia wasiwasi wa aina yake. Si kwamba zinakosea. Hata Ibn Battuta kakosea au kaeleweka vibaya. Ni kwamba ukiiuliza umepokea kwa nani, yaweza kukutajia kitabu kisichokuwepo, cha mwandishi aliyepo, kwa heshima zote. Msimulizi wa namna hiyo wanazuoni wa hadithi walikuwa na jina lake, na si jina zuri.

Halafu kuna milango. Tuseme mtoto amekubali kuifuata njia mpaka juu. Anabofya, na makala inamdai dola ambazo mama yake hazipati kwa wiki. Nilipoacha chuo, nenosiri langu la maktaba halikudumu sana baada ya mimi. Asubuhi moja lilikataa tu, na vitu nilivyokuwa nasoma jana yake vikawa vya watu wengine. Sikuwa nimepungua akili usiku ule. Habari ya kuaminika kumbe ina geti, na askari wa getini hakuulizi unajua nini, anakuuliza wewe ni wa nani. Kuna njia halali za kupita: JSTOR huruhusu mtu asiye na chuo kujisajili na kusoma idadi fulani ya makala bure kila mwezi, Internet Archive huazimisha vitabu vilivyopigwa skani, na AJOL ina mengi yaliyo wazi. Kumwonyesha mtoto njia hizi ni msaada mkubwa kuliko kumfanyia muhtasari. Ila tusijifanye kwamba aliyeshindwa kufika kwenye chanzo ni mvivu.

Lililobaki ni gumu zaidi kwangu, maana halihusu mitambo.

Swali la binti lilihitaji mtu anayejua bahari. Mambo ya tanga na pepo mengi hayamo kwenye injini yoyote; wanayo wazee. Lakini mzee naye ni chanzo, na chanzo huulizwa. Sasa utamuulizaje mzee, "Umejuaje?" Kwetu swali hilo lasikika kama matusi. Mtoto anayemwambia babu yake nithibitishie amekosa adabu, na nimeona watoto werevu wakinyamaza maisha yao yote kwa sababu hiyo, halafu wanakuwa watu wazima wanaopokea kila ujumbe wa WhatsApp ulioanza na salamu. Adabu yetu na ukweli wetu hapo zinagongana, na sitaki kujifanya hazigongani.

Niliyomwambia ni haya: usiulize umejuaje. Uliza, "Babu, wewe haya uliyasikia kwa nani?" Lugha ya madrasa hiyo. Mzee wa pwani akiulizwa hivyo hakasiriki; anakaa vizuri, anaanza kutaja watu. Anamtaja babake, nahodha fulani, mwaka wa mvua fulani. Na pale asipokuwa na wa kumtaja, mwenyewe anapunguza sauti, na wewe umepata ulichokuwa unataka kukijua bila kumvunjia heshima.

Jumamosi tukateremka hadi wanakopaki mashua. Akaamkia, "Shikamoo ami," akaitikiwa, akauliza ukitoka hapa kwa tanga, siku mbili zinakufikisha wapi. Mmoja akasema kusi ikiwa nzuri unaingia Lamu. Aliyasikia kwa marehemu babake aliyebeba boriti. Mwingine, anashona wavu, akasema hakuna, siku mbili bado uko njiani, na hayo aliyafanya mwenyewe akiwa kijana. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Yeye aliandika yote mawili kwenye daftari, na mbele ya kila moja akaandika jina la aliyesema, na kama aliona au alisikia.